Sikio la Anyieth Lilivyofika Gazetini

Asubuhi zetu hapa Kakuma huanza na foleni ya maji. Mwaka 1996 ilikuwa hivyo hivyo. Nilipanga dumu langu bombani, nikarudi nyumbani kukoroga uji. Upepo ulimwaga mchanga ndani ya sufuria. Mume wangu Malual aliunywa uji ule na mchanga wake, kimya. Yeye ni mtu wa maneno machache. Binti yetu Anyieth, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aliyachukua maneno yote ambayo baba yake aliyaacha.

“Mathe, wasichana wote wa kwaya wametoboa masikio,” alisema.

“Wote?”

“Wote! Krismasi nitasimama mbele ya watu na masikio matupu? Noma!”

“Nenda basi kwa Mama Asekon akutoboe,” nilisema. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini.

Jina langu ni Aluel. Nilifika kambi hii ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1992, kwa miguu, nikitoka Sudan. Kazi yangu ilikuwa kushona katika kikundi cha akina mama. Tulipewa cherehani, vitambaa, nyuzi na sindano. Vitu vidogo vya kikundi niliwagawia watu, uzi huyu, sindano yule, ili waseme Aluel ni mkarimu. Jioni nilisoma katika darasa la watu wazima. Nilikuwa nimeshajua kuandika Kiswahili, na majirani walinijia niwaandikie barua. Kwa kifupi, nilijiona mtu mkubwa.

Mama Asekon ni Mturkana. Anakaa ng’ambo ya laga, yaani ule mto wa mchanga unaopata maji siku chache tu kwa mwaka. Kila siku alivuka na gunia la mkaa, akabadilishana na sisi kwa unga wa mgao. Masikio yake yana matundu matano kila upande, na chini ya mdomo ana pambo dogo la shaba. Kazi ya kutoboa alifundishwa na mama yake. Akina mama wa kambini walimpelekea watoto wao.

Anyieth alikwenda peke yake. Alirudi na matundu matatu yenye vipande vya uzi mweusi. Mawili yalikuwa chini, kwenye nyama laini. La tatu lilikuwa juu kabisa, upande wa kushoto, mahali sikio lilipo gumu.

“Na hili la juu nani alikutuma?” niliuliza.

“Ndiyo staili, mathe.”

Nilicheka. Siku ya nne sikuwa nikicheka tena. Sikio la kushoto lilikuwa limevimba na lilikuwa la moto. Nilichanganya majivu na mafuta ya kupikia, nikapaka. Siku ya tano nikapaka tena. Siku ya sita Anyieth alikuwa na homa, na usaha ulikuwa unateremka shingoni. Malual hakungoja. Alimbeba mgongoni, akatoka mbio kwenda kliniki, nami nyuma yake.

Kliniki tulimkuta Hani. Hani ni Msomali, mhudumu wa afya, mama mwenye sauti kali na mikono laini. Alilitazama lile sikio, akanitazama mimi.

“Umepaka nini hapa?”

“Majivu. Na mafuta ya mgao.”

“Nani alikwambia upake?”

“Hakuna.”

“Haya.” Alianza kuosha. Anyieth alipiga kelele. “Sikia, abaayo,” Hani aliniambia. Kwao hilo ni kama kusema dada. “Hapa juu hakuna nyama. Ni kitu kigumu, na damu yake ni kidogo. Usaha ukiingia hapa, unakula haraka. Nyinyi mmekaa siku sita.”

Alipasua jipu, akaliosha, akampiga Anyieth sindano ya dawa. Tulirudi kila siku kwa siku kumi. Siku ya mwisho Hani alitoa bandeji. Sehemu ya juu ya sikio ilikuwa imekunjamana na kuingia ndani.

“Homa imekwisha, usaha umekwisha,” alisema. “Lakini hapa juu hapatarudi kama zamani.”

Anyieth aliomba kioo. Alijitazama muda mrefu. Kisha alivuta kitambaa chake cha kichwani, akakishusha mpaka mashavuni. Krismasi alisema anaumwa tumbo, hakwenda kuimba.

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikashona mshono mbovu, nikafumua, nikashona mbovu tena. Nilitaka mtu wa kumlaumu, na mtu huyo alipita mbele ya mlango wangu kila siku na gunia la mkaa. Siku hiyohiyo nilichukua karatasi ya darasani, nikaandika hivi:

“WANAWAKE WA TURKANA WANAHARIBU WATOTO WETU. Wanawake hawa wachafu wanatumia miiba michafu. Kila siku watoto wanaumwa kwa sababu yao. Kila mtu anajua. Wafukuzwe kambini.”

Nilisoma mbele ya darasa. Watu walipiga makofi. Vijana wawili walisimama kabisa. Nakiri yale makofi yalikuwa matamu sana. Niliomba kibali cha kusafiri, nikapanda basi kwenda Lodwar. Nilitaka makala yangu itoke katika gazeti la Jicho la Turkwel.

Gazeti hilo lilikuwa na kurasa nne na lilitoka mara moja kwa mwezi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Ndani mlikuwa na taipureta, mashine ya kuchapa ya kuzungusha kwa mkono, na joto. Mhariri wake, Bwana Lomuria, alikuwa mwalimu mstaafu. Nilipoona kovu la duara chini ya mdomo wake, nilijua kwamba naye zamani alivaa pambo pale. Alikuwa Mturkana.

“Ejoka, mama. Karibu maji.”

“Ejok,” niliitikia salamu yake ya Kiturkana. “Sitaki maji, Bwana Lomuria. Nataka usome.”

Alisoma. Uso wake haukubadilika. Kisha alichukua kalamu nyekundu.

“Hapa umeandika ‘wanawake wa Turkana’. Ni wangapi?”

“Ni mmoja. Anaitwa Asekon.”

“Basi ni mmoja.” Alipiga mstari. “‘Kila siku watoto wanaumwa.’ Umeona watoto wangapi?”

“Nimemwona mtoto wangu! Hatoshi?”

“Anatosha kabisa. Ndiyo maana nataka umwandike yeye, na siyo hii ‘kila siku’.” Alipiga mstari wa pili. “‘Miiba michafu.’ Uliiona?”

Nilinyoosha mkono nichukue karatasi yangu, akaishikilia.

“Mtoto alipotobolewa, mama ulikuwepo?”

“Nilikuwa kazini. Lakini kila mtu anajua Waturkana wanatoboa kwa miiba!”

“Huyo kila mtu ni nani? Anakaa wapi? Nikitaka kumuuliza nitampata?”

Alipiga mstari wa tatu. Karatasi yangu ilikuwa inaisha. Nilisimama.

“Unamtetea kwa sababu ni kabila lako!”

Hapo naye alikasirika. Aliweka kalamu chini, akagusa lile kovu.

“Hapa nilitobolewa nikiwa mdogo. Wageni walikuja na kamera, wakapiga picha mdomo wa mama yangu. Wakaandika kwamba sisi ni washenzi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama yangu jina lake. Hakuna aliyeuliza ni kwa nini, au kwa kitu gani, au kidonda kiliponaje. Leo wewe ni mkimbizi. Watu wanakuandika vibaya wewe na watu wako kila wiki bila kukuuliza. Halafu unatoka Kakuma mpaka hapa kuniletea kazi ileile?”

Nilibaki nimesimama.

“Nikichapa karatasi hii,” aliendelea, “vijana wenu watamfuata yule mama. Kesho yake vijana wetu watawafuata akina mama wenu bombani. Na sikio la mtoto wako litabaki vilevile. Sasa niambie. Kuna mama kesho anataka kumtoboa mtoto wake. Akisoma makala yako, atajua afanye nini?”

“Asiende kwa Asekon.”

“Haya, hakwenda. Amemtoboa mwenyewe jikoni, kwa kitu chochote alichokiona. Umemsaidia?”

Nilikaa chini. Yale maji nikayanywa.

“Sikuombi uache hasira,” alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Mtoto wako ameumizwa, ungekuwa mtu gani bila hasira? Ila hasira iende ikaulize. Muulize mhudumu wa afya kilichoingia sikioni na namna ya kukizuia. Muulize Asekon mwenyewe. Ukimaliza kuuliza, nyamaza. Andika anavyosema, hata kama hupendi. Usichokijua, andika hujui. Halafu rudi.”

Nilimchukia njia nzima. Nilikuwa nashika ile karatasi yenye mistari myekundu na kusema moyoni, huyu mzee ananifanya mtoto wa shule.

Asubuhi yake bombani jirani yangu Nyaduoth alinipokea na habari.

“Umesikia? Vijana wamemmwagia Asekon mkaa wote kwenye mchanga. Wamemwambia akivuka laga tena watamvunja miguu.”

“Nani amewatuma?”

Nyaduoth alinishangaa. “Si wewe uliwasomea darasani?”

Dumu langu lilijaa, likamwagika, na watu nyuma wakanigombeza. Gazeti lilikuwa halijatoka hata herufi moja, na maneno yangu yalikuwa yameshampiga mtu.

Nilivuka laga mchana, na daftari langu. Mama Asekon alikuwa amekaa kivulini kwenye kibanda chake cha matawi, anapepeta mabaki ya mkaa uliochanganyika na mchanga. Aliniona, hakuinuka.

“Ejoka, Mama Asekon.”

Hakujibu salamu. Kwa Waturkana hilo ni jambo zito.

“Nimekuja kukuuliza juu ya Anyieth,” nilisema.

“Sasa ndio nakuja kuuliza?” Sauti yake ilikuwa ya chini, mbaya zaidi kuliko kelele. “Kwanza wewe nasema. Watu napiga makofi. Mkaa yangu namwaga. Halafu ndio wewe nakuja kuuliza?”

“Nilikosea.”

“Wewe iko na kalamu. Mimi iko na nini?”

Nilikaa kwenye mchanga mbele yake. Nilifungua daftari, nikanyamaza kama nilivyoambiwa. Ilinichoma kunyamaza. Mwisho nilimuuliza swali moja tu.

“Ule mwiba uliomtoboa Anyieth, uliutoa wapi?”

Mama Asekon aliacha kupepeta.

“Mwiba gani? Mwiba mimi naacha mwaka moja sasa.” Alionyesha mti wa mgunga nje. “Zamani, ndio. Mwiba ya ewoi. Mwiba moja, mtu moja. Nikimaliza natupa kwa moto. Mama yangu nafanya hivyo, nyanya yangu nafanya hivyo. Kwa nini niweke? Mwiba ni ya bure, mti mzima imejaa.”

“Sasa unatumia nini?”

Aliingia ndani, akatoka na mkebe mdogo wa bati. Ndani ya mkebe mlikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri. Alikifungua polepole, kama mtu anayeonyesha mali. Ilikuwa sindano kubwa ya mkono, ya kushonea turubai. Kwenye tundu lake palikuwa na uzi wa buluu.

Katika kambi nzima ni kikundi chetu tu kilichokuwa na uzi ule wa buluu.

“Wewe,” Mama Asekon alisema. “Pale bombani. Wewe nacheka mimi mbele ya watu. Nasema, ‘Mama, wacha mwiba, mwiba ni ya porini. Shika hii, toboa kama watu wa kisasa.’ Wamama wote nasikia. Toka siku ile hakuna mtu nataka mwiba. Wote nasema, ‘Toboa na ile ya Aluel.’”

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka kicheko changu. Siku ile nilirudi nyumbani nikijisifu.

“Na baada ya kumtoboa mtu,” niliuliza, “sindano uliitupa?”

“Natupa aje? Hii ni chuma. Ni zawadi. Mimi nafuta na kitambaa, naweka.”

“Umetoboa watu wangapi kwa sindano hii?”

Hakujua hesabu. Lakini alianza kuwataja, na hakuwataja kwa majina, aliwataja kwa masikio. Mtoto wa Nyaduoth mwenye sikio dogo lililolala. Dada wawili Wasomali wa karibu na msikiti, mmoja ana alama nyuma ya sikio. Msichana mrefu, ngozi yake ngumu. Niliandika mpaka mkono ukauma. Walikuwa ishirini na wawili. Sindano moja.

Nilitaka kumkasirikia mtu, na hakukuwa na mtu mwingine pale. Ninyi mnaosoma mnaweza kucheka. Mimi sikucheka. Nililia kwa hasira, na Mama Asekon aliniacha nilie, akaendelea kupepeta mkaa wake.

“Nipe hiyo sindano niipeleke kwa Hani,” nilisema mwisho.

Alifunga mkebe haraka. “Hapana. Nikitoa hii, kesho wewe nasema ilikuwa mwiba. Hii ndio shahidi yangu. Sitoboi tena, lakini iko hapa hapa mpaka ile karatasi yako iseme kweli.”

Nilikwenda kwa Hani na lile daftari. Hani alipoona hesabu, alikaa kwenye kiti.

“Ishirini na wawili, wallahi! Na huyo mama anawakumbuka wote?”

“Wote.”

“Usimwache atoroke. Bila yeye hatumpati hata mmoja.”

Kisha alinieleza, nami nikaandika. Niliandika kila kitu, hata yaliyonitia aibu.

“Sindano ikitoka kwenye damu ya mtu mmoja ikaingia kwa mwingine, inabeba magonjwa,” Hani alisema. “Inabeba UKIMWI. Inabeba ugonjwa wa ini. Inabeba wadudu wa usaha kama ule wa mtoto wako. Kuifuta na kitambaa hakusaidii. Kuipitisha motoni kidogo nako hakutoshi.”

“Kwa hiyo mwiba ulikuwa bora?”

“Mwiba wa mtu mmoja haubebi damu ya mwingine. Hilo Mama Asekon alikuwa sawa kukushinda wewe. Lakini mwiba una vumbi na udongo, na udongo una pepopunda. Mimi sitaki mwiba, na sitaki sindano yako. Nataka sindano mpya ya hospitali, iliyofungwa ndani ya karatasi yake. Inatoboa mtu mmoja, mara moja, inatupwa.”

“Na nyumbani?”

“Mtoboaji anaosha mikono kwa sabuni, anasafisha sikio. Anatoboa hapa chini kwenye nyama laini tu, juu hapana. Mtoto awe amepata chanjo ya pepopunda. Nyumbani oshea maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo, yakishapoa. Asubuhi na jioni. Majivu hapana. Mafuta ya kupikia hapana. Asilishikeshike kwa vidole vichafu. Likivimba, likiwa la moto, likitoa usaha, mlete siku hiyohiyo.” Aliniangalia. “Siyo siku ya sita.”

Nilipoanza kuandika makala upya, Malual alikaa karibu yangu. Nilimsomea mwanzo wake.

“Hiyo ya sindano kuwa yako, toa,” alisema. “Watu watakucheka mpaka uhame mtaa. Sema tu ilikuwa sindano. Khalas.”

“Nikisema tu ilikuwa sindano, watasema Asekon aliiokota jalalani.”

“Waseme.”

“Wamemwaga mkaa wake, Malual! Kwa maneno yangu!” Nilipiga daftari kwa kiganja. Malual hakuondoka. Alinishikia taa isipeperushwe na upepo mpaka nikamaliza.

Nilimuuliza Anyieth pia. Bwana Lomuria hakuniambia hilo, ila nilikuwa nimeshaona jinsi inavyokuwa mtu akiandikwa bila kuulizwa.

“Sikio langu andika,” Anyieth alisema. “Jina langu usiandike.”

Katika gazeti niliandika “binti wa miaka kumi na mitatu”. Hapa nimeandika jina lake kwa sababu sasa ni mkubwa na ameniruhusu.

Nilirudi Lodwar. Bwana Lomuria alisoma, na kalamu nyekundu ilikuwa mezani. Aliishika mara moja tu. Nilikuwa nimeandika “mimi mjinga mkubwa”, akapiga mstari.

“Ulichofanya umeshakisema,” aliniambia. “Msomaji atachagua jina mwenyewe.”

Makala ilitoka mwezi wa pili, ukurasa wa kwanza. Ilianza hivi:

“Binti wa miaka kumi na mitatu wa Kakuma alitobolewa masikio mwezi wa Desemba. Leo sehemu ya juu ya sikio lake la kushoto imeharibika. Alitobolewa kwa sindano iliyokuwa imetoboa watu wengine bila kutupwa. Mtoboaji, Mama Asekon, zamani alitumia mwiba mpya kwa kila mtu na kuuchoma. Aliacha kwa sababu aliambiwa sindano ni ya kisasa. Aliyemwambia, na kumpa sindano hiyo, ni mimi ninayeandika. Mimi pia ndiye niliyepaka sikio majivu na kuchelewa kwenda kliniki.”

Baadaye yalifuata maneno ya Hani, yote, na mahali pa kwenda. Halafu maneno ya Mama Asekon kama alivyoyasema. Mwisho niliandika: “Waliotobolewa kwa sindano hiyo ni ishirini na wawili. Tafadhali njooni kliniki Jumatatu. Hakuna atakayewagombeza.”

Niliisoma darasani. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Wale vijana wawili walitazama miguu yao. Kesho yake walivuka laga na gunia la mkaa walilolinunua wenyewe.

Bombani nilichekwa, ni kweli. Mama mmoja aliniita “Aluel wa kisasa”, na jina hilo bado lipo. Likinifikia, hasira hupanda kidogo, kisha huteremka.

Kabla ya Jumatatu Mama Asekon na Hani walipita nyumba kwa nyumba. Mama Asekon alitangulia, akitazama masikio. Kliniki walikuja kumi na tisa. Wawili walikuwa na uvimbe ulioanza, mmoja wao mtoto wa Nyaduoth. Walitibiwa siku hiyohiyo na masikio yao ni mazima mpaka leo. Wote walichomwa chanjo ya pepopunda. Waliokubali kupimwa damu walipimwa, na majibu yao ni siri yao. Sikuuliza. Majibu ya Anyieth yalikuwa mazuri, na hilo yeye ameniruhusu kulisema.

Tangu mwaka ule kuna siku moja kwa mwezi ya kutoboa masikio pale kliniki. Mama Asekon ndiye mtoboaji, mikono imeoshwa mpaka kwenye viwiko. Hani humpa sindano moja iliyofungwa kwa kila sikio la kila mtu mpya. Akina mama wa Turkana huja, na akina mama wa kambini, Wasudani na Wasomali, wote foleni moja. Msichana akiomba tundu la juu, Mama Asekon humwita Anyieth. Anyieth anafunua kitambaa, anaonyesha, anafunika. Hasemi kitu, na hakuna aliyeomba mara mbili.

Jumatatu ile ya kwanza, watu walipokwisha kuondoka, Mama Asekon aliniambia nimsomee gazeti. Hajui kusoma. Nilimsomea pale nyuma ya kliniki, karibu na shimo ambamo huchomwa sindano zilizotumika. Nilipofika kwenye mstari wa “ni mimi ninayeandika”, alinisimamisha.

“Hiyo soma tena.”

Nilisoma tena.

“Tena.”

Nilisoma mara ya tatu, kwa sauti. Alitoa ule mkebe kwenye shuka yake, akafungua kitambaa. Uzi wa buluu bado ulikuwepo. Nilidhani ataitupa sindano shimoni. Badala yake alinyoosha mkono na kuniwekea mkebe kiganjani.

“Tupa wewe,” alisema. “Wewe ndio naleta.”

Nikaitupa.

“Ejok,” alisema Mama Asekon. Ilikuwa ile salamu yangu ya ng’ambo ya laga, ameijibu sasa.